Roketi Yenye Mlango Wazi

Siku kompyuta yangu ilipofika Karatu, watu watatu wa maduka ya jirani walikuja kunisaidia kuibeba, na wote watatu wakabaki kuangalia. Niliifungua mwenyewe. Nilitaka waone kwamba najua kila waya unaingia wapi. Nikakata gundi ya boksi, nikaondoa yale mapande ya povu, nikaitoa skrini iliyokuwa imefunikwa na mfuko mzito wa nailoni, ule unaoonyesha, na nilipouvua ule mfuko harufu yake ikanipiga usoni. Pumzi ikakata. Mimi, mwanamke mzima niliyekaa Dar es Salaam miaka saba bila kuogopa kitu, nilijishika shingo kwa mikono miwili kama mtu anayekabwa, nikakaa sakafuni kati ya maboksi. Fundi wa spea akauliza, "Dada, imekupiga shoti?" Nikamjibu kwamba haijachomekwa hata kwenye umeme, itapigaje shoti. Lakini kilichonipiga sikuweza kumweleza.

Kabla sijaendelea, niseme mimi ni nani, maana wengi mnanijua kwa stika tu. Kama umewahi kuona gari la watalii lina picha ya chui kwenye kifuniko cha tairi la nyuma, na yule chui anakuangalia kana kwamba anakijua kijiji chenu, huyo chui ni wangu. Nina stashahada ya usanifu wa picha kwa kompyuta. Sikusomeshwa na mjomba wala mfadhili. Nilikaanga sambusa, nikaingia darasani nikinuka mafuta, na mwisho wa yote nikatoka wa pili katika darasa la watu thelathini na mmoja. Huyo wa kwanza kwao kulikuwa na kompyuta sebuleni. Wenzangu wa kijijini kwetu Endamarariek waliowahi kutoka walirudi na redio, wengine na viatu, mmoja alirudi na mke. Mimi nilirudi na taaluma. Sisemi hivi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nataka mjue kwamba anayewasimulia habari hii ana jicho lililofundishwa. Rangi naijua. Umbo nalijua. Kumbukeni hilo, maana mbele huko litaniumbua.

Sasa ule mfuko. Ninyi wa rika langu mnaukumbuka mfuko wa blanketi. Blanketi jipya lilikuja ndani ya nailoni nene yenye zipu, na blanketi likichakaa, mfuko uliendelea kuishi. Mama yetu aliutunzia vitenge vya kanisani. Ulining'inia msumarini juu ya kitanda chake, unang'aa, na kila ukifunguliwa nyumba nzima ilinuka upya. Hicho ndicho kitu kilichobaki kuwa kipya nyumbani kwetu mwaka hadi mwaka, na hicho ndicho kilichotaka kuniua.

Yote yalianza na kitabu. Dada yangu Yasinta, aliyenitangulia kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa anatandika vitanda kwenye hoteli moja ya watalii njiani kuelekea geti la Ngorongoro. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, na kila akija alileta vitu ambavyo wageni waliviacha vyumbani: visabuni vya duara, kofia ya nailoni ya kuogea ambayo Bibi aliivaa kwenda nayo shambani mvua ikinyesha, soksi ya mguu mmoja. Mara hiyo alileta kitabu cha picha. Kilikuwa kipana, jalada gumu, na ndani kila ukurasa umegawanywa vyumba vyumba, na katika kila chumba watu wanaongea maneno yaliyofungiwa kwenye mawingu meupe. Hakikuwa cha Kiingereza. Mwalimu wetu alikigeuza-geuza akasema labda ni Kifaransa, labda ni Kijerumani, akanirudishia haraka kama mtu aliyeombwa kushika mtoto aliyelowa.

Kwa hiyo nilikisoma kwa macho. Nilikisoma mpaka nikakijua kama Baba Yetu. Kulikuwa na roketi, kubwa, tumbo nene, ncha kali juu, imesimama kwa miguu mitatu, ina ngazi na madirisha ya duara. Watu watatu wanavaa nguo nene nyeupe na mabakuli ya kioo vichwani. Wanapanda ngazi. Wenzao wamesimama mbali sana wanapunga mikono. Moshi unatoka chini ya miguu mitatu, kisha ukurasa unaofuata ardhi ni tupu. Halafu wale watu wanatembea mahali pa kijivu penye mashimo makubwa, hawagusani, kila mmoja anajinyonyea chakula chake kwenye mrija wake.

Sikuelewa kosa lao. Nikampelekea Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwekea kitabu juu ya maharage.

"Bibi, hawa wamefanya nini?"

Bibi hakujua kusoma, lakini aliangalia picha kwa muda mrefu kuliko mwalimu. Akalamba kidole, akafunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Hawajafanya kitu," akasema. "Wamefiwa. Wametengwa."

"Umejuaje?"

"Huoni? Kila mtu na bakuli lake. Kila mtu na pumzi yake. Hawagusani, hawali pamoja. Na hawa wa huku wanawaaga wakiwa mbali. Ulishaona wapi mtu anaagwa kwa mbali hivi?"

Nilishaona. Jirani zetu walipofiwa na mtoto, walikaa peke yao miezi mingi. Hatukuchota nao maji. Ng'ombe wao walichungwa upande wao. Mama alikuwa akiwasalimia akiwa ng'ambo ya uzio, na mimi nilipotaka kwenda kucheza na binti yao nilivutwa sikio. Wazee wetu Wairaqw huita hali hiyo metimani. Msiba au jambo zito likiingia nyumbani, mnajitenga mpaka muda uishe, msije mkawaambukiza wengine balaa. Kanisani walisema mambo hayo yamepitwa na wakati. Nyumbani yalikuwa hayajapata taarifa.

"Na hii nyumba yenye ncha?"

"Ndiyo waliyopewa wakae humo."

"Na hapa penye mashimo?"

Bibi akafikiri. "Hapo ni kreta," akasema. "Ule upande ambao watalii hawashuki."

Yasinta alikuwa anasuka nywele kwenye kigoda, akacheka mpaka kitana kikamdondoka. "Bibi jamani! Hao wanakwenda mwezini!"

"Na mwezini wanakwenda kufanya nini, kama hawajafukuzwa?"

Yasinta akainama kuokota kitana. Mimi nilipima pande zote mbili nikaona Bibi ana hoja. Mwalimu naye aliposema wale ni wanaanga, nilimletea Bibi taarifa, na Bibi akasema mwalimu wetu ni mtu wa Kondoa, atayajuaje ya huku. Nikalala na uhakika wangu. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa ninajua jambo ambalo mwalimu halijui. Mtaona kwamba tabia hii nilianza nayo mapema.

Baada ya miezi kadhaa, Yasinta alirudi katikati ya mwezi. Alirudi na godoro lake. Nilimkimbilia nikamkumbatia kiunoni, nikafurahi kwamba amenenepa. Nikamwambia chakula cha hoteli kimemkubali. Hakucheka. Bibi alimwangalia mara moja tu, kuanzia miguuni mpaka tumboni, akaweka ungo chini. Mama akaingia jikoni akakaa humo na moshi mpaka macho yakawa mekundu, na hakukuwa na kitu jikoni.

Siku mbili watu wazima waliongea Kiiraqw cha haraka ambacho watoto hatukutakiwa kukifuata. Nilikifuata nusu.

"Mama, hayo ni ya zamani," alisema Baba. Baba alikuwa mzee wa kanisa, anasoma matangazo kila Jumapili kwa sauti nzito.

"Ya zamani ndiyo yaliyokulea," akasema Bibi. "Sikumwambia mtu afe. Nimesema hawezi kumaliza siku zake chini ya paa hili. Mvua isiponyesha, watasema ni nyumba ya nani? Ng'ombe wa watu wakifa, wataonyesha kidole wapi? Wewe utawasomea matangazo?"

Baba alikuwa na sauti nzito kanisani tu. Alichukua jembe na panga akaenda nyuma ya shamba.

Mimi nilielewa hivi: mtu amekufa huko hotelini na Yasinta amemgusa. Tumbo lake sikulihesabu kabisa. Ninyi mnaosoma mmeshajua tangu mstari wa godoro, na wazee wetu walihesabu binti kuzalia nyumbani bila mume kuwa metimani, lakini sisi tuliambiwa watoto wananunuliwa hospitali ya misheni, na Yasinta hakuwa amekwenda hospitali.

Nyuma ya shamba, karibu na korongo, kulikuwa na kihenge chetu cha zamani cha mahindi. Mnakijua kihenge: ghala la fito lililokandikwa kwa udongo, tumbo nene, limeinuliwa juu ya nguzo ili panya wasipande. Chetu kilikuwa na nguzo nne, lakini moja ililiwa na mchwa, na Baba akazisogeza zile tatu zikabeba mzigo wote. Juu kilikuwa na kofia ya mabati yaliyokunjwa ikawa ncha. Baba alikifagia, akakikandika upya kwa ule udongo wetu mwekundu, akatengeneza ngazi ya hatua nne na mlango wa mbao za boksi. Alipomaliza, Bibi akaja na bakuli la majivu yaliyokorogwa maji, akazungusha kwa kiganja mkanda mweupe kiunoni mwa kihenge, ili mpita njia ajue asisogee.

Nilisimama kwenye uzio wa minyaa mdomo ukiwa wazi. Tumbo nene, ncha juu, miguu mitatu, ngazi. Yasinta akapita mbele yangu amebeba godoro kichwani na kile kitabu kwapani. Alipanda polepole, hatua nne. Mlangoni akageuka akaniona. Akapunga mkono. Mimi nikapunga wangu, kwa mbali, kama wale wa kwenye picha, kwa hofu ambayo sijaipata tena hata siku ya matokeo ya stashahada. Dada yangu amepanda. Bado moshi tu.

Chakula chake tulikiweka kwenye kisiki katikati ya shamba. Mama anaweka, anarudi nyuma, Yasinta anakuja kuchukua. Sahani yake ilioshwa peke yake. Sikuruhusiwa kupita kisiki. Kila asubuhi nilikimbilia uzio kabla ya kunawa uso, nihakikishe kihenge bado kipo. Nilihesabu nguzo: moja, mbili, tatu. Nilienda shule na fagio na kuni zangu, na darasani sikusikia kitu. Niliwaza jambo moja tu. Mwisho wa kile kitabu sikuujua, kwa sababu kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Sikujua kama wale watu walirudi.

Basi ikaja ile baridi ya Karatu ya katikati ya mwaka, ukungu umekaa shambani mpaka mchana. Nilitoka shule, Mama kaenda mashineni kusaga, Baba yuko kwenye kikao cha kanisa, Bibi anaota jua ambalo halikuwepo. Nikatazama kule korongoni. Moshi ulikuwa unatoka chini ya kihenge. Ulikuwa mwingi, mweupe, unajikunja kati ya nguzo tatu.

Leo najua alikuwa anapika kande, mahindi na maharage ambayo Mama alimwachia kwenye kisiki. Alikuwa amehamishia mafiga uvunguni kwa sababu ya manyunyu. Siku ile nilijua kwamba nina dakika chache kabla dada yangu hajaondoka duniani.

Na nilijua la kufanya, kwa sababu nilikuwa nimesoma. Ukiwa na bakuli la kioo, unaweza kusogea. Pumzi yako inabaki kwako, balaa haliingii. Niliingia chumbani kwa Mama, nikamwaga vitenge vya kanisani kitandani, nikavaa mfuko wa blanketi kichwani, nikaufunga shingoni kwa kamba ya katani. Vizuri. Mimi kazi yangu huwa naifanya vizuri. Nikatoka mlango wa uani na kuanza kukimbia.

Harufu ilikuwa tamu mwanzoni, harufu ya Jumapili. Kwenye mistari ya kwanza ya mbaazi nilijiona nimekuwa mmoja wao. Nilisikia pumzi yangu kwa nguvu kama ya ng'ombe. Kisha nailoni ikaingia ukungu kwa ndani, nikawa naona kijani tu, halafu kijivu. Nikapita kisiki. Nailoni ikaanza kunibandika puani kila nikivuta. Nilidhani ndivyo ilivyo, ndiyo maana wale watu kwenye picha walitembea kwa kuyumba. Nikavuta kamba, fundo likakaza. Nikaita "Dada," na neno likabaki humo humo ndani pamoja nami. Nakumbuka udongo ulikuja karibu sana na uso, mwekundu, na sikuusikia uliponigonga.

Yanayofuata niliyapata baadaye, mengine kwa Yasinta, mengine kwa Bibi, na hayalingani. Yasinta anasema alikuwa anakoroga sufuria, akaona kitu kinang'aa kwenye mbaazi. Aliruka moto. Mwanamke wa siku zake za mwisho aliruka moto, akaacha mwiko ndani ya sufuria na mlango wa kihenge wazi nyuma yake. Fundo lilimshinda, akachana nailoni kwa meno. Nilikuwa wa bluu. Hakungoja aone kama ninavuta pumzi. Alininyanyua kifuani juu ya lile tumbo, akakimbia kuelekea nyumbani.

Bibi alimwona anapita kisiki. Akasimama na fimbo. "Rudi! Rudi huko huko!"

"Bibi, mtoto hapumui!"

"Mweke chini, mimi nitamchukua! Usipite uzio!"

"Nipige basi!" Yasinta akapita uzio, akapita fimbo, akapita mlango ambao hakutakiwa kuupita, akanilaza kwenye kitanda cha Bibi mwenyewe, akanipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Na pale pale, katikati ya nyumba, akashika mwimo wa mlango, na maji yakamwagika kwenye sakafu ya Bibi.

Hapo ndipo mimi nilipofungua macho. Niliona Bibi amesimama na fimbo juu, uso wake umebadilika kabisa. Sijawahi kuona tena mtu mzima akishtuka vile. Jambo lile lile aliloliogopa, alilotufanya sote tulikimbie, lilikuwa limeingia lenyewe kwa miguu na lilikuwa linatiririka chini ya miguu yake. Aliangalia maji. Aliangalia mlango, kama kwamba bado kuna nafasi ya kulirudisha. Yasinta akatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa binadamu.

Bibi akatupa fimbo. Akanigeukia. "Wewe mfu," akasema, "amka ulete maji."

Nikaamka nikaleta maji. Sikujua yanayotokea. Nilipoona kichwa nilidhani dada yangu amepasuka, nikapiga kelele, na Bibi akaniambia nikishamaliza kelele nilete na kitambaa. Nikaleta kitenge cha kanisani cha Mama. Mtoto alikuwa wa kike, amejikunja, ana hasira, na alivuta pumzi yake ya kwanza chini ya lile paa kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani, ambao sasa wao ndio waliokuwa wakitusalimia kwa mbali.

Mama na Baba walirudi wamefuatana. Bibi aliwazuia mlangoni, mikono ikiwa bado na damu.

"Msiingie," akasema. "Sisi tumeshagusana humu ndani. Mimi, huyu, mtoto, na huyo mjinga wa nailoni. Ninyi bado ni wasafi."

"Sasa sisi tukae wapi?" akauliza Baba.

Bibi akaonyesha kidole nyuma ya shamba. Moshi ulikuwa bado unafuka, kande zimeungua, na mlango wa kihenge uko wazi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mzee wa kanisa na mkewe walilala kwenye kihenge, sisi wanne tukakaa nyumba kubwa. Asubuhi nilipeleka uji kwenye kisiki, narudi nyuma, Baba anakuja kuchukua amevaa koti, anajikuna viroboto. Alinipungia mkono. Nilimpungia. Mimi niliona ni sawa kabisa. Wazazi wangu wamepanda roketi na ni zamu yao. Ndani, Bibi alimkanda Yasinta kwa maji ya moto kila siku, wala hakumsema hata mara moja, kama kwamba yule aliyeinua fimbo alikuwa bibi mwingine. Nimejiuliza sana kama aliwafukuza wazazi wetu kwa imani au kwa akili. Nilimuuliza nikiwa mkubwa. Aliniambia nimletee ugoro.

Sijui zilikuwa wiki ngapi. Mtoto alikuwa ameanza kukaza shingo. Siku moja Baba hakusimama kwenye kisiki. Alikuja moja kwa moja, akaruka uzio, suruali ikanasa ikachanika, akamchukua mtoto mikononi mwa Yasinta. Akamnusa kichwani. Halafu akamgeukia mama yake, na ile sauti ya matangazo ikatoka, kwa mara ya kwanza nje ya kanisa.

"Nimemgusa," akasema. "Sasa?"

Bibi alikuwa anageuza ugali. Hakuinua macho. "Sasa kaa ule, unapoa. Na mwite mkeo, asikae huko peke yake kama mwizi."

Mvua mwaka ule ilinyesha. Ng'ombe wa watu hawakufa. Baba alikibomoa kihenge kwa mikono yake, na miaka mingi baadaye alikiri kwamba kile kitabu aliwashia moto, ukurasa baada ya ukurasa, usiku wa baridi kule kihengeni. Ndiyo maana nilipofungua duka langu Karatu na kutaka bango, sikuwa na pa kunakili. Karatu nzima kila bango lina simba au tembo. Mimi nilitaka ile roketi, na nikaamua nitaichora upya kwa kompyuta, kwa kichwa changu peke yake. Wiki mbili nilikaa na kipanya mkononi. Nilichora tumbo, ncha, miguu mitatu, ngazi. Nikaipaka rangi nyekundu, si nyekundu yoyote, nilichanganya mpaka nikaipata yenyewe. Nikazungusha mkanda mweupe kiunoni, na nikauacha uyumbe kidogo upande mmoja, kwa sababu nilihisi ndivyo ulivyokuwa. Nilipomaliza nilijipongeza kwa sauti, dukani, peke yangu.

Nikamwita Yasinta aje aone. Siku hizi analima karoti na kabichi, anaiuzia ile ile hoteli aliyokuwa akitandika vitanda. Alikuja na bintiye Neema, ambaye sasa ni mrefu kuliko sisi sote. Wakasimama mbele ya skrini.

"Ni nzuri," alisema Yasinta. "Ila kwa nini umeifanya nyekundu?"

"Ilikuwa nyekundu."

"Ilikuwa ya bluu, mdogo wangu. Bluu, na nyota pembeni. Mkanda haikuwa nao."

Nikacheka. "Dada, mimi rangi nimesomea. Nina stashahada."

"Na mimi nililala na kile kitabu kichwani wiki sita. Sikuwa na kitu kingine cha kutazama." Akasogea, akaweka kidole chenye udongo kwenye kioo changu kipya. "Huu ni udongo wa korongoni. Hatua ya tatu ya ngazi umeipindisha, ile iliyotaka kuniangusha. Na haya ni majivu ya Bibi. Hata pale kiganja kilipomtetemeka umepachora."

Nilitazama. Nilitazama kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Wiki mbili nilikuwa nimekaa na kile kitu uso kwa uso, mimi mwenye jicho lililofundishwa, na sikukiona. Roketi ya kitabu ilikuwa imefutika kichwani mwangu yote, labda tangu siku ile Yasinta alipopanda ngazi.

"Kwa hiyo, mama mdogo," akasema Neema taratibu, "umechora kihenge?"

Nikakubali kwa kichwa. Wanaonijua watawaambia hilo halitokei.

"Umekipatia," Yasinta akasema. "Kosa ni moja tu. Mlango umeufunga."

"Roketi inaruka mlango umefungwa, Dada."

"Siku ile niliuacha wazi. Sikurudi kuufunga."

Akaondoka na bintiye kuwahi mzigo wa kabichi. Nilivuta kiti. Ilinichukua mchana mzima kuufungua ule mlango, kwa sababu mlango ukiwa wazi lazima ndani kuonekane kitu, na mimi ndani sikuwahi kufika. Mwishowe nikaweka giza la kawaida, na pembeni ya giza kipande cha godoro.

Bango hilo ndilo linaloning'inia dukani kwangu, barabara kuu, huwezi kulikosa. Wateja, hasa madereva wa watalii, huniuliza ni roketi gani inayoruka mlango ukiwa wazi, watu si watakufa humo. Nawajibu kwamba mimi nina stashahada.